Jinsi ya kushika saiti ukiwa injinia mwanamke

Nawaandikia wadogo zangu mliomaliza uinjinia wa ujenzi na mnasubiri kupangiwa saiti, na nyie ambao mko saiti tayari ila kila jioni mnarudi mnajiuliza hivi hii kazi ni ya kwetu kweli. Ni ya kwenu. Shida ni kwamba chuo kinakufundisha kupiga hesabu ya bimu (boriti za zege) na nguzo, hakikufundishi utafanyaje pale fomani, yani msimamizi wa mafundi, anapokupita kama hajakuona na kwenda kumuuliza kijana wa fildi (mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo) aliyeripoti jana, kisa yule ni mwanaume.

Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue nakupeleka wapi. Saiti inamsikiliza mtu anayekagua kazi kwa macho na mikono yake kabla haijafunikwa, na akishaamua anaandika. Ukivishika hivyo viwili, dharau na maneno ya pembeni na kupuuzwa kwenye vikao, vyote hivyo unapata pa kuvishikia. Usipovishika unaweza kufoka mpaka sauti ikukauke, watu watakusubiri uondoke waendelee na yao.

Kabla hujakanyaga saiti

Omba ramani zote, sio za stracha (zile za nguzo, bimu na nondo) peke yake, omba na za akitekti na za umeme na mabomba, halafu kaa nazo uzilinganishe moja moja. Tafuta pale bomba la maji machafu linapokatiza katikati ya bimu, tafuta nguzo ambayo kwa stracha ipo ila kwa akitekti pale pale kuna mlango, tafuta ngazi ambayo mtu mrefu akipanda anagonga kichwa kwenye slabu (sakafu ya zege ya juu yake). Karibu kila mradi una vitu hivi na ukitafuta kwa utulivu utavikuta. Kila swali liandike na namba ya ramani na gridi yake (ile mistari yenye herufi na namba inayoonyesha mahali), yani "gridi C3, bimu inagongana na bomba, tupitishe wapi?" Ukiingia kikao cha kwanza na swali la namna hiyo hakuna atakayehangaika kukuuliza umesoma wapi.

Kuna mama huwa namtaja sana kwa mabinti, Emily Warren Roebling. Mume wake Washington Roebling alikuwa injinia mkuu wa daraja la Brooklyn kule New York, mwaka 1872 akaumwa ule ugonjwa wa presha ya hewa uliokuwa unawapata waliofanya kazi ndani ya makesoni (vyumba vya msingi vilivyojazwa hewa ya presha) chini ya mto, akawa hawezi tena kwenda saiti. Emily hakuwa na shahada ya uinjinia, akajisomea hesabu, uimara wa vifaa, namna nyaya za daraja zinavyotengenezwa, akawa ndio anabeba maelekezo kwenda saiti na kurudi na maswali kwa zaidi ya miaka kumi mpaka daraja linafunguliwa 1883. Mtu anaweza kusema walimsikiliza kwa sababu ni mke wa bosi. Hiyo ingemsaidia siku za mwanzo tu, kwa miaka yote ile huwezi kujibu maswali ya watu wanaosuka nyaya za daraja kubwa vile kama huijui kazi.

Vifaa vya kuvaa, na usikubali "vaa tu hivyo hivyo"

Vifaa vingi vya usalama vimekatwa kwa kipimo cha mwili wa mwanaume na stoo nyingi zinaweka saizi kubwa tu. Watu wanalichukulia kama suala la urembo, mimi nalichukulia kama suala la kubaki hai. Rifleka (kizibao cha kung'aa) pana inanasa kwenye ncha za nondo, glavu kubwa zinakufanya usiwe na shiko kwenye ngazi, buti kubwa hata uvae soksi mbili mguu unacheza ndani na ndio hapo unateguka kwenye kokoto.

Hanesi, ile mikanda ya kukushika usidondoke, ndio usiifanyie mchezo kabisa. Mikanda ya mapaja ikae chini ya makalio na ibane kiasi kwamba kiganja kilichonyooka kinapita ila ngumi haipiti, mkanda wa kifua uwe katikati ya kifua maana ukiwa juu sana siku unadondoka unakukaba shingo, na ile ringi ya mgongoni ikae katikati ya mabega. Kama hanesi ya stoo haikukai hivyo basi hupandi, unamwambia afisa usalama na unamwandikia, "naomba buti namba 38, glavu ndogo, hanesi saizi ndogo, kazi za juu nitaanza vikifika". Omba kabla hujaripoti ikiwezekana, kwa sababu ukishaanza kupanda na hanesi ya kuazima watasema mbona jana ulipanda.

Ovaroli ya kipande kimoja mimi siipendekezi, ukienda choo unavua mpaka mabegani, chukua suruali na shati vyenye mifuko ya kutosha, tepu, kalamu, daftari dogo, simu. Nywele zifunge chini usawa wa shingo, ukifunga juu helmeti inakaa upande. Unayevaa hijabu chukua ile ya kuvuta isiyo na pini, ncha zichomeke ndani ya shati, na mkanda wa helmeti wa kidevuni ufunge.

Siku za mwanzo

Kwenye kikao cha asubuhi jitambulishe mwenyewe, usisubiri mtu akusemee. Jina, kwamba wewe ni injinia wa saiti, na unasimamia nini, mfano nondo na zege kuanzia msingi mpaka slabu ya kwanza. Inatosha. Usianze kueleza GPA wala kusema "naomba mnivumilie, mimi bado mgeni". Halafu zunguka saiti nzima na fomani, uliza majina ya mafundi viongozi, fundi nondo mkuu, fundi mbao mkuu, wa mashine, wa stoo, na uyaandike, maana kesho ukimwita mtu kwa jina lake ukiwa unamwelekeza kazi inamwingia tofauti na "we fundi".

Watakuita dada, wengine mama, wengine madamu, na mimi sina ugomvi na hayo maana watu wazima wanaitana hivyo kwa heshima zao. Ila kwenye kikao na kwenye karatasi kama wenzako wa kiume wanaandikwa injinia fulani na wewe uandikwe hivyo hivyo, na muhtasari ukija haujaandikwa hivyo urudishe urekebishwe.

Sasa kuna hili la mgeni kuingia, analeta mzigo au katoka kwa klayenti, anakuangalia wewe na helmeti yako halafu anauliza "injinia yuko wapi?" Jibu ni moja, "ndio mimi, karibu, tuanzie wapi", na unaanza kutembea kuelekea kwenye kazi. Usinune, usitoe hotuba, mtu atajifunza kwa kukufuata. Ila kuna kitu kinachosaidia kuliko jibu lolote na wengi hawakifanyi, ongea na mwenzako wa kiume mnayefanya naye kazi, mapema, mkiwa wawili, mwambie mtu akikuuliza jambo lililo chini yangu usimjibu hata kama jibu unalo, mwambie "muulize injinia, huyo hapo", kisha ondoka. Mwenzako akifanya hivi wiki mbili tatu saiti nzima inaelewa njia ya maamuzi inapita wapi. Akikataa kufanya hivyo basi na hilo umelijua mapema.

Na mafundi wazee, wasalimie kwa umri wao na waulize. Fundi aliyefunga nondo tangu hujazaliwa anajua wapi vaibreta (mashine ya kushindilia zege) haifiki na wapi mbao huwa zinafunguka, na ukimuuliza kwa nia ya kujua anakuonyesha. Kuuliza hakukushushi. Kinachokushusha ni kuitikia "eee sawa" kwenye kitu ambacho hujakielewa.

Siku ya zege

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndio utajulikana wewe ni nani. Zege likishamwagwa kila kosa lililo ndani yake linakuwa la kudumu, ndio maana presha yote ya saiti inakuja kuangukia kwenye lile lisaa la mwisho, magari yameshaitwa, vibarua wako tayari, fomani anaangalia saa, bosi anapiga simu, na wewe injinia mwanamke mgeni unatakiwa kusema ndio au hapana. Dawa yake ni kwamba ukaguzi wako usiwe lisaa la mwisho. Anza siku iliyotangulia, wakati nondo zinafungwa, tembea na tepu na ramani.

Kwanza hesabu nondo na upime unene. Usikubali kuambiwa hizi ni za 12, pima, na kama una wasiwasi kata kipande cha mita moja ukapime kwenye mizani. Kanuni ni unene kwa milimita mara wenyewe gawanya kwa 162 unapata kilo kwa mita, kwahiyo nondo ya 12 inatakiwa iwe karibu 0.89, ya 16 karibu 1.58, ya 10 karibu 0.62. Ikipungua sana hapo mzigo mzima una shida na hilo ni suala la barua. Siku ukilifanya hili mbele ya watu kimya kimya, na mizani ikaongea, hutaletewa tena nondo nyembamba kwa kudhani huyu dada hatajua.

Kisha nafasi kati ya ringi na ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu, hasa karibu na maungio ya bimu na nguzo ambapo ramani huwa inataka zibanane na fundi huwa anaziachia. Maungio ya nondo yasiwe yote mstari mmoja, na urefu wake uwe ule wa kwenye ramani. Biskuti za zege (vipande vidogo vya kuinua nondo zisiguse fomu) ziwepo chini na pembeni, sio vipande vya mbao wala mawe, kwa sababu nondo ikigusa mbao ya fomu, yani ule ukungu wa mbao unaoshika zege, kutu itaifikia mapema, na kwa msingi unaomwagwa moja kwa moja kwenye udongo ramani nyingi zinataka 75 mm za kuifunika. Angalia fomu kwa timazi na pima maji, tikisa mirunda kwa mkono wako, angalia chini yake kuna kitu kigumu au imesimama kwenye udongo mlaini. Angalia mabomba na boksi za umeme vimeshawekwa, bimu isije ikatobolewa baadae. Mwisho uchafu, vumbi la mbao, waya, vitoe.

Ukikuta kosa piga picha na tepu ikionekana, mwonyeshe fundi pale pale, na andika. Mimi huwa nashauri uwe na karatasi ya ukaguzi yenye sehemu ya saini tatu, fomani, injinia wa mkandarasi na injinia msimamizi, na saiti nzima ijue kwamba gari la zege haliitwi mpaka karatasi hiyo ina saini. Unaona hapo ugomvi unavyokwisha? Sio wewe unayezuia, ni karatasi ambayo kila mtu aliikubali kwenye kikao cha mwanzo.

Zege likifika simamia mwenyewe kipimo cha ulaini wake, koni ya 300 mm, tabaka tatu, kila tabaka fimbo mara 25, unainua wima taratibu, unapima limeshuka kiasi gani. Kaa karibu na mdomo wa gari au mikisa (mashine ya kuchanganya zege) kwa sababu hapo ndipo mtu anaongeza maji ili zege liteleze na kazi iwe rahisi, na kila maji yanayoongezwa hivyo yanakula nguvu ya zege. Ukiona anachukua ndoo mwambie asimamishe, sauti ya kawaida, mbele ya mtu wa gari. Chukua miche ya 150 mm, yani vipande vya zege vya mchemraba vya kupima nguvu, andika tarehe na sehemu ilipomwagwa, iweke kwenye maji, siku ya 7 na siku ya 28 ivunjwe. Kwa simenti ya kawaida siku ya 7 unategemea kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28 kwahiyo ukiona iko chini sana usisubiri mwezi uishe, anza kuuliza. Na kumwagilia zege kuanzia siku ile ile, angalau siku 7, hili linasahaulika kwa sababu kila mtu ameshafikiria kazi inayofuata, mpangie mtu kwa jina.

Utauliza mbona haya ni ya injinia yeyote, ya mwanamke yako wapi. Yako hapa, mwanaume akikosea ukaguzi mmoja watasema fulani alikosea, wewe ukikosea watasema si mnaona wanawake. Sio haki hata kidogo na inaniumiza kuiandika, lakini ndio hali ilivyo kwa wengi wetu, na orodha iliyoandikwa inakulinda kuliko kumbukumbu.

Ukibishiwa

Kuna ubishi wa aina mbili na usizichanganye. Kuna fundi anayebisha kwa sababu anajua kitu wewe hujui, huyo msikilize mpaka mwisho, kwa mfano anakwambia nondo zimebanana kiasi kwamba kokoto haipiti, hiyo ni hoja ya kweli, ipeleke kwa disaina. Na kuna anayebisha kwa sababu anayemwelekeza ni mwanamke. Utamjua kwa sababu hana hoja, ana "sisi tumezoea hivi".

Kwa wote wawili anza na ramani na kipimo, sio na cheo. "Mzee, ramani inasema 150 kati ya ringi na ringi, hapa napima 220, tunarekebishaje kabla gari halijafika?" Swali hilo linamwachia heshima yake na bado kazi inarudiwa. Akirekebisha mshukuru mbele ya wenzake. Asiporekebisha sema mara moja, "hapa zege halimwagwi, naandika", toa simu, andika pale pale ukiwa umesimama, tuma kwa fomani na bosi wako na nakala kwa injinia msimamizi. Usibishane mara ya pili. Maelekezo ya mdomo saiti yanakanwa kirahisi sana, ndio maana mikataba ya ujenzi karibu yote inataka maelekezo na madai yawe kwa maandishi, kwahiyo unapoandika unafuata mkataba, hata wakikuita mkorofi.

Kwenye vikao kuna ile unatoa wazo linapita kimya, dakika kumi baadae mwanaume anasema kile kile watu wanaitikia. Peleka hoja yako kwa maandishi siku moja kabla iingie kwenye ajenda na jina lako. Na muhtasari, jamani, kama umeuandika wewe vikao vitatu mfululizo kwa sababu wewe ndio mwanamke pekee chumbani basi sema "wiki hii naomba fulani aandike, mimi nina ripoti ya miche ya kutoa". Hivyo hivyo na kuhudumia wageni na kuagiza vitafunwa.

Choo, hedhi na maji

Wadogo zangu wengi wanaona aibu kulisema hili na wanaishia kutokunywa maji kutwa nzima juani ili wasibanwe, wanaumwa njia ya mkojo, wanaumwa kichwa, na mtu mwenye kiu na kizunguzungu akipanda jukwaa ni hatari kwake na kwa walio chini. Choo cha wanawake chenye komeo ndani, maji, na ndoo ya taka yenye mfuniko ni sehemu ya maandalizi ya saiti kama ilivyo stoo ya simenti. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1988 unaohusu usalama kwenye ujenzi unasema wazi wafanyakazi wa kike na wa kiume wawe na vyoo na sehemu za kunawia tofauti. Iandike kwenye orodha ya maandalizi, kipengele kama kingine chochote, na kama mradi haujaanza muulize mtu wa gharama kama kimeingia kwenye BOQ, ile orodha ya kazi za mradi na bei zake. Usiombe kwa kunong'ona. Na kumbuka haupo peke yako, akina mama wanaobeba maji na kokoto pale saiti wana shida ile ile na hawana kikao cha kuisemea, wewe unacho.

Mtu akikusumbua

Maneno kuhusu mwili wako, kushikwa kiuno "kukupisha", meseji za usiku, bosi anayetaka mkague saiti wawili jioni watu wakishaondoka, mtu wa kusambaza mzigo anayedai namba yako ndio asaini delivari. Hakuna hata kimoja ambacho ni sehemu ya kazi na hakuna nguo uliyovaa iliyokileta.

Mara ya kwanza tu, kama uko salama kusema, sema kwa sentensi fupi, "usinishike", "usiniongeleshe hivyo, tuongelee kazi", bila kucheka, maana tumelelewa kucheka ili mambo yapite na kicheko anakichukua kama ruhusa. Siku hiyo hiyo andika tarehe, saa, mahali, alichosema kwa maneno yake, nani alikuwepo. Meseji usifute, zitumie kwenye barua pepe yako binafsi. Ripoti kwa mtu ambaye hayuko chini yake wala hanywi naye, kama ni kwa maandishi chukua nakala. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika Juni 2021 unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na haukomei getini, unagusa safari za kazi, njia ya kwenda na kurudi, malazi anayotoa mwajiri, na meseji za simu. Angalia kama nchi yako imeuridhia na kampuni ina sera gani, soma sera kabla ya kuihitaji.

Kazi ya zege ya usiku uliza usafiri wa kurudi kabla hujakubali, sio saa nane usiku. Ukipangiwa kambi uliza mlango una kufuli la ndani na nani ana funguo nyingine.

Na ikiwa umeripoti hakuna kilichofanyika, kuondoka saiti ile hakukufanyi kuwa dhaifu. Ondoka na rekodi zako.

Ukipata mimba

Uamuzi wa lini useme ni wako, ila kazini kwetu mapema ni bora kwa sababu kuna vitu inabidi uviache haraka. Hanesi inabana tumbo kwahiyo kazi za juu zinazotaka hanesi zinasimama. Acha kunyanyua vitu vizito, kaa mbali na mashine zinazotikisa mwili, rangi zenye risasi na vimumunyisho vikali, na jua la kusimama masaa. Ongea na daktari umweleze unafanya kazi gani haswa, wengi wanadhani injinia anakaa mezani tu. Halafu nenda kwa bosi na pendekezo lililoandikwa, nitakagua vya chini, nitashika program ya kazi na vipimo vya malipo, fulani atapanda badala yangu na atanitumia picha. Ukienda bila pendekezo watakupangia wao na mara nyingi watakutoa kwenye mradi kabisa "kwa ajili yako".

Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka likizo isiyopungua wiki 14 na kurudi kwenye nafasi ile ile au inayolingana kwa mshahara ule ule, na muda wa kunyonyesha. Jua sheria ya nchi yako inatoa nini juu ya hapo. Kabla hujaondoka andika makabidhiano ya kila kitu kilichoko mikononi mwako na uweke na tarehe ya kurudi.

Wasikusogeze ofisini, na usibaki mdogo milele

Kinachonikera kuliko yote ni kile kinachofanywa kwa upole. "Saiti ngumu, kaa tu ofisini utusaidie ripoti." Miaka inapita, wenzako uliomaliza nao wameshasimamia majengo wewe una mafaili. Ukiipenda kazi ya ofisi ni kazi nzuri, disaini ni uinjinia kamili, ila iwe umeichagua. Ukipewa ofisi usiyoiomba uliza kwa maandishi ni kwa muda gani na baada ya hapo unarudi kwenye kipande gani cha kazi, maana usajili wa uinjinia karibu kila mahali unataka uzoefu unaothibitishwa na injinia aliyesajiliwa. Kila wiki jaza kitabu chako cha uzoefu na kisainiwe mwezi huo huo, msimamizi akihama saini inahama naye.

Nora Stanton Blatch alihitimu uinjinia wa ujenzi Cornell mwaka 1905, mwaka uliofuata chama cha mainjinia wa ujenzi cha Marekani kikampokea kama mwanachama mdogo. Alipofikia umri wa kupanda ngazi kikamkatalia, mwaka 1916 akakishtaki mahakamani na akashindwa. Mwaka 1927 Elsie Eaves akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa na chama hicho juu ya ngazi ya mwanachama mdogo, na Nora mwenyewe heshima yake ilirudishwa 2015 akiwa ameshafariki zamani. Mlango wa kuingia kama mdogo huwa unafunguliwa, unaobanwa ni ule wa kupanda. Kwahiyo tarehe ya kuomba usajili iweke wewe, usisubiri bosi aseme umeiva. Mshahara nao uliza, ongea na wenzako wa ngazi yako, na posho ya saiti ukiikosa wakati mwenzako anaipata andika barua ukitaja nafasi na majukumu mnayofanana.

Jina lako libaki kwenye kazi

Daraja la Waterloo la London lilijengwa wakati wa vita kuu ya pili na wanawake wengi wakiwa kwenye kazi, lakini kwenye sherehe ya ufunguzi 1945 mwanasiasa Herbert Morrison akawasifu wanaume waliolijenga. Waongoza boti wa mto Thames ndio walioendelea kuliita daraja la kina mama, na picha za wanawake wakichomelea zilikuja kupatikana miaka mingi baadae. Sitaki itokee kwako. Saini ukaguzi kwa jina kamili linalosomeka, ramani ulizorekebisha ziandikwe nani karekebisha, daftari la saiti lijazwe kila siku hali ya hewa, idadi ya watu, mashine, nini kimefanyika na nini kimekataliwa, na siku ya picha ya kukabidhi jengo simama mbele.

Mabosi mnaosoma, nunueni saizi ndogo, jengeni choo, mkiulizwa jambo la injinia wenu wa kike mrudisheni muulizaji kwake.

Na wewe ukishakomaa akija binti wa fildi usimpe muhtasari wa kikao wala usimweke ofisini apange mafaili. Wiki ya kwanza mpe tepu na ramani ya nguzo za gridi moja, mwambie akague peke yake akuletee alichokikuta kwa maandishi, kisha nenda kakague wewe zile zile. Mkitofautiana zijadilini mkiwa mmesimama pale pale kwenye nondo, na fundi awepo asikie.